Waridi la Jangwani: Kichaka cha Miambani Chenye Sumu ya Moyo

Katika nyanda kavu za Masieda na bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, jamii za wakulima, wafugaji na wawindaji huishi jirani na mmea ambao uzuri wake hupotosha. Ni kichaka kifupi cha miambani, chenye shina nene lililovimba kwa maji na maua ya rangi ya waridi yanayochanua mara nyingi kabla majani hayajarudi. Kitaalamu huitwa Adenium obesum. Wapenda bustani wa mijini, ambao huupanda kwenye vyungu barazani, huuita waridi la jangwani.

Wahadzabe wa Yaeda na Eyasi wanaujua kwa kazi nyingine. Huchemsha utomvu wake hadi uwe mzito, kisha huupaka kwenye chembe za mishale ya kuwindia wanyama wakubwa. Mnyama aliyechomwa hafi kwa jeraha bali kwa moyo wake kuvurugika.

Sababu ni kundi la kemikali ziitwazo glikosidi za moyo. Hizi huzuia pampu inayotoa sodiamu na kuingiza potasiamu katika chembe hai za moyo. Matokeo yake kalisi hujikusanya ndani ya chembe hizo na moyo husukuma damu kwa nguvu zaidi; sumu ikizidi, mapigo hupungua, hurukaruka, na hatimaye husimama. Dijoksini, dawa ambayo wagonjwa wengi wa moyo huijua, hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo. Undugu huo wa sumu na dawa si mgeni Afrika Mashariki: John Kirk, aliyekuja kuwa balozi wa Uingereza Zanzibar, alipokuwa katika msafara wa Livingstone wa mto Zambezi aligundua kuwa sumu ya mishale ya mmea mwingine, Strophanthus, iliyogusa mswaki wake ilipunguza mapigo yake ya moyo. Kutoka mmea huo ilipatikana dawa ya moyo.

Hata hivyo, kidonge cha dijoksini kina kipimo kinachojulikana, kwa kawaida miligramu 0.25. Kikombe cha mizizi iliyochemshwa hakina. Sehemu mbalimbali za Afrika magome na mizizi ya mmea huu hutumika kuulia chawa na kutibu ngozi, na kwingine hunywewa kwa magonjwa ya zinaa. Anayeinywa huku akitumia dijoksini hujiongezea sumu juu ya dawa, naye aghalabu hasemi asipoulizwa. Swali hilo liulizwe bila kukaripia.

Mtu aliyekula au kunywa sehemu ya mmea huu hupata kichefuchefu, kutapika, maumivu ya tumbo na kuhara, dalili zinazoweza kudhaniwa kuwa ni za chakula kibovu. Mapigo ya polepole au yasiyo na mpangilio ndiyo yanayopaswa kumzindua mhudumu. Asitapishwe kwa nguvu wala kupewa maziwa kama tiba. Apelekwe haraka penye kipimo cha umeme wa moyo na cha potasiamu ya damu, kwa maana potasiamu iliyopanda ni ishara mbaya. Atropini husaidia mapigo yaliyopungua. Kingamwili dhidi ya dijoksini ndiyo dawa mahususi, ingawa ni ghali na haipatikani kwa urahisi. Kipimo cha dijoksini katika damu kinaweza kuonyesha kuwa sumu ipo, lakini kiwango chake hakionyeshi ukubwa wa hatari. Ndugu wa mgonjwa waje na tawi la mmea wenyewe, limefungwa ndani ya mfuko, na wanawe mikono baada ya kulishika.