Soko likiwa uani: kulinda biashara ya nafaka katikati ya shughuli za nyumbani Merikit

Mahindi ya msimu wa kwanza yanapovunwa Merikit, wilayani Tororo, nyua za nyumba nyingi hugeuka kuwa maghala. Turubai hutandazwa mbele ya jiko, magunia hupangwa chumbani karibu na kitanda, na mizani huning'inizwa kwenye tawi la mwembe ambao chini yake watoto hucheza. Kutoka hapo nafaka hubebwa hadi Malaba au Busia na kuvushwa kuingia Kenya, ambako mahindi ya Uganda yamekuwa na wanunuzi kwa miaka mingi.

Biashara hiyo, hasa ile ya magunia machache, iko mikononi mwa akina mama kwa kiasi kikubwa, nayo huendeshwa saa zile zile ambazo sufuria iko motoni, mtoto analia na mgeni anabisha hodi. Kwa anayetazama kutoka mbali, hayo ni mambo madogo. Kwa mwenye mahindi, nusu saa ya kuliacha turubai bila mtu huku wingu likitanda yaweza kuamua iwapo mzigo utavuka mpaka au utarudishwa.

Sababu kubwa ni sumukuvu, ambayo wataalamu huiita aflatoksini. Tarehe 5 Machi 2021, Kenya ilizuia mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa hoja kwamba vipimo vilionyesha sumu hiyo kupita kiwango salama. Siku chache baadaye zuio liliondolewa, lakini kwa masharti: waingizaji wasajiliwe, na mzigo uwe na cheti kinachothibitisha kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 katika bilioni. Wafanyabiashara wengi wa mpakani waliliona jambo hilo kuwa la kisiasa tu. Huenda siasa nayo ilikuwamo, lakini hofu ya Kenya ina historia. Mwaka 2004, katika maeneo ya mashariki ya nchi hiyo, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafariki dunia baada ya kula mahindi yenye sumukuvu. Uchunguzi ulihusisha maafa hayo na mahindi ambayo familia zilikuwa zimeyalima na kuyahifadhi zenyewe majumbani, yakiwa bado na unyevu.

Ukungu unaozalisha sumu hiyo hustawi penye joto na unyevunyevu, na sumu ikishaingia katika punje haiondolewi kwa kupika. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka unyevu wa mahindi usizidi asilimia 13.5. Kukifikia kiwango hicho kwa jua pekee huchukua siku kadhaa za uangalizi: kugeuza punje mara kwa mara, kuzikusanya kabla ya mvua, kuzifunika jioni umande usizipate, na kuwazuia kuku na mbuzi wasipite juu yake. Katika sehemu za Tororo, mvua za msimu wa pili huanza kabla mahindi ya msimu wa kwanza hayajakauka yote. Ndiyo maana suala la nani yuko uani saa ngapi ni suala la biashara, wala si la nidhamu ya nyumba peke yake.

Jua lenye nguvu huwa kati ya saa nne asubuhi na saa kumi alasiri. Kazi zinazomtoa mtu uani, kama kuchota maji, kwenda kusaga au kutafuta kuni, zina nafuu zikifanywa kabla au baada ya muda huo. Maharage, ambayo hula saa nyingi za moto, yanaweza kulowekwa usiku na kuinjikwa alfajiri, ili mchana ibaki kazi ya kupasha moto tu. Aidha, turubai likae mahali panapoonekana kutoka mlangoni pa jiko, hata kama upande wa pili wa nyumba una nafasi kubwa zaidi. Jicho linaloweza kuona sufuria na mahindi kwa pamoja lina faida kuliko uwanja mpana ulio nyuma ya ukuta.

Watoto ndio msaada wa kwanza, na ndio shughuli ya kwanza. Familia nyingi za Uganda zililijua hilo vyema baada ya shule kufungwa Machi 2020 kwa sababu ya UVIKO-19. Shule hazikufunguliwa kikamilifu hadi tarehe 10 Januari 2022, na kwa hesabu ya UNESCO zilifungwa, kwa sehemu au kabisa, kwa zaidi ya wiki 83, kipindi kirefu kuliko popote duniani. Katika muda huo mpaka nao ulifungwa kwa wasafiri wa kawaida, na mfanyabiashara aliyezoea kwenda sokoni Busia akalazimika kuuza akiwa nyumbani, watoto wote wakiwa miguuni pake. Desturi ya kumpa mtoto zamu fupi inayojulikana mwanzo na mwisho wake ni nzuri, kwa sharti kwamba zamu isichukue nafasi ya masomo. Mtoto wa miaka minane anaweza kufukuza kuku kwa saa moja. Kumwachia siku nzima ya kazi si haki, na kwa kweli mahindi nayo hayatakuwa salama.

Kuna vikwazo visivyo na uhusiano wowote na mvua. Waiteso wanaishi pande zote mbili za mpaka, mpaka ambao kwa sehemu kubwa ulitokana na uamuzi wa Waingereza wa mwaka 1902 wa kuhamisha mkoa wa mashariki wa Uganda kwenda katika himaya yao iliyokuja kuwa Kenya. Ndugu husafiri huku na huku, na anayefika akasema "Yoga!" hawezi kuambiwa asubiri hadi saa kumi. Kumkaribisha mgeni akae kando ya turubai, akapewa kiti na chai pale pale, hakuvunji heshima, na mara nyingi mgeni mwenyewe huanza kugeuza mahindi bila kuombwa. Ugumu huanza anapoomba gorogoro mbili za kwenda nazo.

Hapa ndipo biashara nyingi za nyumbani hufifia polepole. Gunia la kuuza na gunia la kula likiwa moja, hakuna ajuaye kilichoondoka. Jambo linalosaidia ni kutenganisha tangu siku ya kuvuna: kiasi cha chakula cha nyumbani kipimwe, kiwekwe mahali pake, na zawadi za ndugu zitoke humo. Kinachochukuliwa kutoka gunia la biashara kiandikwe daftarini kama deni, hata kama aliyechukua ni mwenye nyumba. Mazungumzo hayo kati ya mume na mke yafanyike kabla ya msimu, kwa sababu yakifanyika gunia likiwa limepungua huwa ni ugomvi.

Simu nayo ni soko na kikwazo kwa wakati mmoja. Mnunuzi wa Busia hupiga kuuliza bei mikono ikiwa imejaa unga, na mfanyabiashara hujikuta amekubali bei ambayo hakuipigia hesabu. Ni afadhali kumwambia kwamba atapigiwa baada ya muda mfupi, kisha kukaa chini na daftari na kubadilisha shilingi za Kenya kwa shilingi za Uganda kwa utulivu. Hatari nyingine ni ujumbe wa uongo unaodai kwamba fedha zimeingia. Aliye na haraka ya kurudi jikoni huusoma, akaruhusu magunia yapakiwe kwenye bodaboda. Salio liangaliwe kwenye akaunti yenyewe kabla mzigo haujaondoka, na namba ya siri asipewe mtoto anayetumwa kutoa fedha.

Anayevusha mzigo mwenyewe atenge pia siku ya karatasi. Bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani zinaweza kupita kwa cheti rahisi cha uasilia bila kutozwa ushuru wa forodha, ingawa masharti ya afya ya mimea na usalama wa chakula hubaki palepale.

Kabla ya kufunga magunia, kipo kipimo kisichohitaji mashine. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tia punje kiasi cha theluthi moja pamoja na chumvi kavu kidogo, ifunge, itikise kwa dakika chache kisha uiache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15 na mahindi yarudi juani. Isipoganda, yako chini ya hapo, ingawa chupa haiwezi kuthibitisha ile 13.5 inayotakiwa. Kwa mzigo wa kuvuka mpaka, yaongezewe siku nyingine ya jua, kisha yapimwe kwa mashine.