Mazoezi ya Nje Yanataka Kivuli

Ukitaja mazoezi hapa kwetu Kipatimu, wilayani Kilwa, utajibiwa haraka: sisi wakulima, jembe linatutosha. Jibu hilo lina ukweli mkubwa. Kazi ya mwili kweli hutosha: watafiti waliowapima Wahadza, wawindaji na waokota matunda wa eneo la Ziwa Eyasi, walichapisha mwaka 2017 kwamba watu hao hupata kwa wastani dakika zipatazo 135 kwa siku za shughuli zinazoongeza mapigo ya moyo, ilhali Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima apate walau dakika 150 kwa wiki nzima. Anayepanda vilima vya Matumbi na tenga la machungwa kichwani hana haja ya kuambiwa akimbie. Lakini jembe lina msimu wake, na si kila mtu analishika. Mwalimu, mwenye duka, fundi cherehani na dereva wa bodaboda hushinda wameketi, na mkulima mwenyewe hupungukiwa na kazi nzito mavuno yakishaingia ghalani. Hao ndio ninaowaandikia.

Wanaoanza mazoezi na kuacha huambiwa ni wavivu. Naona lawama hiyo si ya haki, kwa sababu kinachowashinda wengi ni joto. Mwili unaofanya kazi hujipoza kwa jasho, na jasho hupoza pale tu linapokauka. Machi na Aprili hewa hujaa unyevu, jasho likachuruzika mpaka shati likagandamana na mgongo, na joto likabaki mwilini. Julai, upepo wa kusi ukivuma, jasho lilelile hukauka upesi na mtu akaenda mbali bila kuzidiwa. Miezi ya unyevu, basi, punguza mwendo na utoke mapema. Hapo tuna neema: kwa kuwa tuko karibu na ikweta, siku ndefu kabisa ya mwaka huizidi ile fupi kwa saa moja hivi tu. London mwezi Desemba jua huzama kabla ya saa kumi jioni. Kwetu saa kumi na mbili na nusu asubuhi kuna mwanga mwaka mzima. Kwa asiyeweza kutoka saa hiyo, kivuli ndicho msaada. Hewa chini ya mwembe haipoi sana, ila miale inayompiga mtu utosini na mabegani huzuiwa, na saa nne asubuhi tofauti hiyo ni kubwa.

Yapo mapingamizi ya kweli. Masika njia za mteremko huteleza, na nyasi ndefu huficha nyoka. Siku hizo uwanja tambarare uliofyekwa ni salama kuliko njia ya shamba. Mwanamke anayetembea kasi peke yake huulizwa anakimbilia wapi, lakini wakiwa watatu maswali hupungua. Muda nao si kikwazo: nusu saa kwa siku tano za wiki tayari ni dakika 150. Kinachobaki ni mahali, na hapo mtu mmoja hawezi peke yake. Serikali ya kijiji inapogawa viwanja, itenge eneo la wazi, na miti mikubwa iliyomo isikatwe kupisha vibanda. Pasipo na miti, ipandwe masika yanapoanza, maana mvua itaimwagilia. Kiangazi cha kwanza kila mche utahitaji ndoo ya maji na uzio wa miiba dhidi ya mbuzi.