Muziki wa Cornwall: Sauti Iliyobaki Lugha Ilipokufa

Cornwall ni rasi iliyo kusini-magharibi kabisa mwa kisiwa cha Britania. Kiutawala ni sehemu ya Uingereza, lakini lugha yake ya asili, Kikornwall, ni ya Kikelti, ndugu wa Kiwelisi na Kibretoni. Dolly Pentreath, anayehesabiwa miongoni mwa watu wa mwisho waliokua wakiizungumza, alifariki mwaka 1777. Lugha ilikufa, nyimbo zikabaki, na ndizo zilizowatambulisha Wakornwall. Kuzichukua kama burudani ya watalii wa kiangazi ni kutozielewa.

Uimbaji huo ulilelewa migodini na kanisani. Mhubiri wa Kimethodisti John Wesley alifika Cornwall mwaka 1743, na wachimbaji wa bati na shaba wakamfuata kwa wingi. Katika makanisa ya Kimethodisti walijifunza kuimba kwa sauti nne, na humo zikazaliwa kwaya za wanaume. Thomas Merritt, aliyezaliwa Illogan mwaka 1863 na kufanya kazi mgodini ujanani, alitunga nyimbo za Krismasi ambazo ndani yake sauti huingia moja baada ya nyingine na kufuatana. Migodi ilipodorora, wachimbaji walihamia ng'ambo na nyimbo zao. Za Merritt ziliimbwa hadi Grass Valley huko California.

Mila iliyo hai kuliko zote iko katika mji wa Padstow. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Mei, wenyeji hukusanyika kuimba wimbo wa kuukaribisha mwezi huo bila ala yoyote. Asubuhi mji huwa umepambwa kwa matawi mabichi, na hutoka farasi wawili wa kuigizwa waitwao 'Obby 'Oss. Kila mmoja ni duara kubwa lililofunikwa kitambaa cheusi, mchezaji akiwa ndani na kinyago juu yake. Wafuasi huvaa nguo nyeupe, wa farasi mmoja kwa mikanda myekundu na wa mwingine kwa ya bluu. Ngoma na akodiani huvuma kutwa nzima. Mara wimbo hupungua mwendo, farasi akalala chini kama mfu. Ngoma ikilia tena, huinuka na umati hupaza sauti. Wazaliwa wa Padstow waishio mbali hurudi kwa ajili ya siku hiyo, maana inawahusu wao kwanza, si mgeni mwenye kamera.

Katika mji wa Helston nako huchezwa ngoma mitaani kila Mei, kwa bendi ya matarumbeta.

Karne ya 20 ilileta ufufuo wa muziki huo. Mwimbaji Brenda Wootton aliipeleka sauti ya Cornwall nje ya mipaka yake, na tamasha la Lowender Peran, lililoanza mwaka 1978, liliwakutanisha Wakornwall na jamaa zao wa Kikelti. Mwaka 2014 serikali iliwatambua Wakornwall kuwa jamii ya wachache ya kitaifa.

Hata hivyo, misingi ya zamani imelegea. South Crofty, mgodi wa mwisho wa bati, ulifungwa mwaka 1998. Makanisa mengi yamegeuzwa makazi, na nyumba za mapumziko za wageni zimepandisha bei hata vijana wakashindwa kuishi walikozaliwa. Sheria inaweza kulitambua jina la jamii. Lakini wimbo hurithiwa na kijana anayesimama kando ya mzee wake na kuishika sauti yake, na kwa hilo sharti wote wawili wawe wanaishi mji mmoja.