Kwa nini ugali wa ughaibuni hukataa kuwa ugali

MAJI yamechemka, mwiko uko tayari, na unga umemiminwa kwenye sufuria vile vile mama anavyoumimina jikoni mwake mtaani Umoja, Nairobi. Dakika kumi baadaye kilichomo humo si ugali. Ama kinanata mithili ya gundi, ama kimekuwa chenga zisizoshikana, ama kinatoa harufu ambayo haijawahi kusikika katika nyumba yoyote ya Eastlands.

Kisa hiki huwakuta Wakenya wengi katika majuma yao ya kwanza Marekani, Uingereza au Ujerumani. Wengi wao hujilaumu wakidhani wamesahau kusonga. Ukweli ni kwamba mkono haujasahau lolote. Kilichobadilika ni unga, na sababu za mabadiliko hayo zinaanzia mbali, katika mabonde ya Mexico na katika mashamba ya Kitale.

Mahindi yalitokana na nyasi ya mwituni ambayo wakulima wa kusini magharibi mwa Mexico walianza kuikuza takriban miaka 9,000 iliyopita. Yalifika pwani ya Afrika Mashariki baada ya Wareno kuingia Bahari ya Hindi. Waswahili waliyaita ya Kihindi ilhali yalitoka upande wa pili wa dunia, na jina hilo la makosa ndilo lililobaki.

Mahindi meupe yalishika mizizi nchini Kenya wakati wa ukoloni, kwa kuwa walowezi walilima aina hiyo na soko la wanga huko Uingereza liliipendelea. Kisha mwaka 1964 kituo cha utafiti cha Kitale kilitoa mbegu chotara ya H611, iliyozalishwa kwa kuoanisha mahindi ya humu nchini na aina iliyotoka Ecuador. Kwa hiyo ugali unaoonekana kuwa wa Kikenya kuliko chakula kingine chochote una damu ya Amerika ya Kilatini mara mbili.

Mazoea ya rangi hayakuachwa hata wakati wa dhiki. Ukame wa 1984 ulipoilazimu serikali kuagiza mahindi ya manjano kutoka nje, watu waliyala kwa sababu hapakuwa na mengine. Waliokuwa watoto wakati huo bado hukumbuka ladha yake bila furaha. Aliyelelewa hivyo akikuta rafu nzima ya unga wa manjano katika duka la Ulaya, huona kama ameuziwa njaa.

Lakini rangi ndiyo tatizo dogo zaidi. Mtego mkubwa umo katika majina. Nchini Uingereza unga unaouzwa kwa jina la mahindi mara nyingi ni wanga mtupu, uliotolewa kwenye kiini cha punje ili kutia mchuzi uzito. Ukiusonga utapata gundi. Unga wa Kiitaliano unaoitwa polenta nao husagwa chenga kubwa, na chenga hizo huchelewa kunywa maji, hivyo huiva juu huku ndani zikibaki ngumu. Katika majimbo ya kusini mwa Marekani kuna unga mweupe mzuri kwa macho, ila baadhi ya pakiti huwa zimetiwa chumvi, hamira ya unga na hata ngano kwa ajili ya mikate. Ugali wake hufura sufuriani kama keki.

Ndipo mtu huelekezwa katika duka la Wamexico. Katika miji kama Dallas na Houston, jimboni Texas, maduka hayo ni mengi, na ndani yake mna magunia ya unga wa mahindi, mweupe na laini. Mkenya huubeba kwa shangwe. Jioni hiyo hiyo huja kile kisa cha harufu.

Unga huo huitwa masa harina, na haukusagwa kutoka kwa mahindi makavu kama ule wa Kenya. Mahindi yake huchemshwa kwanza katika maji yenye chokaa, yakalowekwa usiku kucha, yakaoshwa hadi maganda yakatoka, kisha yakasagwa na kukaushwa. Mbinu hiyo, inayoitwa nixtamal kwa jina lenye asili ya Kinahuatl, lugha ya wenyeji wa Mexico, imetumika kwa maelfu ya miaka. Chokaa hubadilisha wanga na protini za punje, na ndiyo huufanya unga uweze kukandwa, ukashikana na kutandazwa kuwa tortila, mkate mwembamba kama chapati. Chokaa hiyo hiyo ndiyo huleta ile harufu, na ndiyo humfanya msongaji apate kitu laini kinachoteleza, kisichofinyangika kuwa tonge.

Chokaa haikuwekwa kwa ajili ya ladha pekee. Mahindi yana vitamini ya niasini, lakini imefungwa kiasi kwamba mwili hauwezi kuichukua kwa urahisi, na chokaa huifungua. Wazungu walipoyachukua mahindi kutoka Amerika waliiacha mbinu hiyo nyuma. Maskini walioishi kwa mahindi karibu matupu waliugua pelagra, maradhi ya kuchubuka ngozi, kuhara na kuvurugikiwa na akili. Daktari Gaspar Casal aliyaeleza nchini Uhispania katika mwaka wa 1735, na mwanzoni mwa karne ya 20 yaliwaua watu wengi kusini mwa Marekani.

Jibu la Mkenya kwa tatizo hilo huwa pembeni mwa sahani. Ugali haukuandaliwa uliwe peke yake. Mboga, maharagwe, maziwa, omena au nyama ndivyo huziba pengo ambalo Mmexico huliziba kwa chokaa. Ndiyo sababu ugali ukifanikiwa ughaibuni bila kitoweo cha nyumbani, kazi huwa imefanyika nusu tu.

Kuhusu unga wenyewe, waliokaa nje muda mrefu hupata suluhisho katika maduka ya Waafrika wa kusini. Unga unaopikwa kuwa sadza na Wazimbabwe, pap na Waafrika Kusini au nsima na Wamalawi husagwa kutoka kwa mahindi meupe makavu, bila chokaa. Huo ndio jamaa wa karibu zaidi wa unga wa pakiti wa Nairobi. Zipo pia sehemu zinazouza pakiti zilizotoka Kenya kwenyewe, ingawa bei yake huwa imesafiri pamoja nazo.

Hata hivyo, safari ya duka la Wamexico haiendi bure. Kaskazini mwa Mexico, katika majimbo ya Sonora na Chihuahua yanayopakana na Marekani, ngano iliyoletwa na Wahispania ilistawi, na wenyeji wakaanza kutengeneza tortila za ngano. Unga, maji, chumvi na mafuta. Donge husukumwa likawa duara na kuchomwa kwenye chuma cha moto. Asiyeona chapati hapo hajawahi kupita Umoja jioni. Haina tabaka zile zinazotokana na kukunja na kupaka mafuta, lakini kwa mtu aliyetoka zamu ya usiku hospitalini inatosha kula na ndengu. Nyanya, kitunguu, dhania, pilipili na ndimu vilivyokatwakatwa na kuwekwa kando ya nyama ni kachumbari kwa kila hali, ijapokuwa jina ni la Kihispania.

Wamexico wa mpakani nao wanalijua hitaji hili. Aliyetoka Sonora akahamia Chicago au London huhangaika kutafuta unga na pilipili za kwao, na asipozipata hutengeneza kwa anachokipata.

Jambo linalowashangaza wengi ni kuwa vyakula vya kale hupatikana nje kwa urahisi kuliko ule ugali mweupe. Wimbi, ambao babu wa Busia au Kisii aliula kabla mahindi hayajatawala, ni nafaka inayoliwa sana kusini mwa India. Unga wake huuzwa kwa jina la ragi katika maduka ya Wahindi London, Toronto na Dubai. Ugali wake wa kahawia hutoka vilevile.

Mrenda, ambao kijana wa Nairobi huweza kuukataa mezani kwa sababu ya utelezi wake, hupendwa mno nchini Misri kwa jina la molokhia. Umekatwakatwa na kugandishwa, umejaa katika majokofu ya maduka ya Waarabu. Kinachokosekana ni munyu, yale maji ya majivu ambayo akina mama wa Kiluhya hutumia kulainishia mboga, au magadi. Magadi ya kuokea mikate hushika nafasi hiyo, mradi mtu asizidishe.

Terere hupatikana kwa Wachina na kwa watu wa Karibi, ambao baadhi yao huiita callaloo. Managu, ambayo wengi hudhani ni ya Kenya pekee, ina ndugu zake katika masoko ya Mexico na Guatemala, wanaoitwa hierba mora. Nayo mitoo ina binamu wa ukoo mmoja, chipilín, anayepikwa Chiapas na El Salvador. Sukuma wiki ndiyo nyepesi kuliko zote: majani ya jamii hiyo ni chakula cha jadi cha Wamarekani weusi wa kusini, isipokuwa wao huyachemsha muda mrefu kwa nyama ya kuvuta moshi hadi yalegee. Mkenya huyakatakata membamba na kuyageuza mara mbili kwenye mafuta.

Mtu aweza kujiuliza, basi, kwa nini masanduku yanayotoka Umoja bado hujaa chakula. Mtaa huo ulijengwa katika miaka ya sabini kwa msaada wa fedha za Marekani, na leo si ajabu kukuta nyumba ambayo mtoto wake mmoja yuko huko huko Marekani. Kila msafiri anapopatikana, mama huteremka soko la Mutindwa. Hununua omena, mboga za kukausha, wimbi na mahindi ya kupeleka kwenye kisiagi, kwa kuwa unga wa pakiti, asema, hauna nguvu.

Hapo pana hatari mbili ambazo hazisemwi vya kutosha. Ya kwanza ni sheria za forodha. Marekani na Umoja wa Ulaya haziruhusu abiria kutoka Kenya kuingiza nyama, hata iliyokaushwa, kwa kuhofia magonjwa ya mifugo kama vile ugonjwa wa miguu na midomo. Ulaya huzuia maziwa pia, na hivyo mursik hubaki Eldoret. Tangu Desemba 2019 mboga mbichi haziingii Ulaya bila cheti cha afya ya mimea. Matunda matano tu ndiyo yaliyosamehewa, yakiwemo ndizi na nanasi. Samaki mkavu wa kula mwenyewe hukubaliwa kwa kiasi maalumu. Nafaka nzima huchunguzwa zaidi kuliko unga, kwa vile punje huweza kubeba wadudu au kuota.

Kosa linalogharimu zaidi ni kunyamaza. Marekani humtaka abiria ataje kila chakula alicho nacho. Akikitaja na kikakatazwa, hunyang'anywa na safari huendelea. Akikificha, faini yaweza kufikia dola 1,000 hata kwa kosa la kwanza. Mzee aliyeandaliwa sanduku na wengine, asijue kilichomo, ndiye hujikuta akijibu maswali baada ya saa ishirini za kusafiri. Anayefunga sanduku na amweleze, tena kwa orodha iliyoandikwa.

Hatari ya pili ni ya afya. Mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu huota ukungu unaotoa sumu ya aflatoksini, ambayo haiishi kwa kupikwa. Mnamo 2004 sumu hiyo iliwaua watu 125 kati ya 317 waliougua, hasa katika wilaya za Makueni na Kitui. Unga wa kisiagi haupimwi na yeyote kabla ya kufungwa sandukuni, na baada ya kukaa miezi kadhaa kabatini katika nyumba yenye joto na unyevu ndipo huanza kubadilika harufu. Mapenzi ya mama hayapunguzi sumu. Mahindi makavu kabisa, yaliyochaguliwa punje zilizovunjika na zenye ukungu, unga ukawekwa kwenye jokofu mara tu unapofika, ndiyo njia ya kuukaribisha kwa usalama.

Vipo vitu ambavyo hakuna sanduku linaloweza kuvibeba. Mutura ni mmoja wao. Ukoko wa ugali uliosongwa kwenye jiko la makaa haujitokezi vizuri juu ya jiko la umeme, na anayejaribu kuchoma nyama ndani ya ghorofa mjini Minneapolis huwaamsha majirani kwa king'ora cha moshi.

Uhitaji huu pia umeanza kurudi nyumbani kwa njia ya kinyume. Mjukuu aliyezaliwa Texas akiletwa Umoja kwa likizo ya Desemba, hula chapati siku ya kwanza na ya pili, na siku ya tatu huulizia tortila za mahindi alizozizoea shuleni. Bibi anaweza kumtengenezea. Mahindi meupe ya Mutindwa yanafaa. Yachemshwe kwa chokaa kiasi cha gramu 10 kwa kila kilo, yalale humo usiku mmoja, yaoshwe vizuri na kusagwa yakiwa mabichi. Chokaa ya ujenzi haifai hata chembe. Inayotakiwa ni safi, ya kuliwa, na watu wa Mombasa na Lamu wanaijua tangu zamani: wao huipaka kwenye jani la tambuu, pamoja na popoo.