Mtoto anakomea: tumwambie mbele mwezi wa kwanza ufike

Mu Kolwezi tunazungumza kila siku juu ya bei ya kobalti, juu ya umeme unaokatika, juu ya vumbi la malori. Juu ya mwili wa mtoto anayekomea, tunanyamaza. Msichana wa miaka kumi na miwili anaona damu katika nguo yake na anafikiri ameumia, ao amelogwa, ao ni adhabu ya kosa fulani. Kijana anaamka usiku shuka limelowana, analificha chini ya kitanda. Wote wawili wanaenda kuuliza wenzao, na wenzao hawajui kitu. Mara nyingi mtu mzima wa kwanza kuwajibu ni yule anayetaka kitu kwao.

Ndiyo sababu leo tunataka kusema na baba na mama, zaidi na baba anayechimba, kwa maana yeye njo anafikiri jambo hili halimuhusu.

Zamani kazi hii ilikuwa na wenyewe

Wazee wetu hawakunyamaza. Kwa Balunda, Batshokwe na Baluvale, vijana wanaume waliingia mukanda: walitengwa na kijiji, wakatahiriwa, wakafundishwa namna mwanaume anavyoishi. Makishi, zile sura zinazocheza kwa ajili ya mukanda, ziliingia katika orodha ya UNESCO mwaka 2008 kwa upande wa Zambia. Kwa Babemba, ng'ambo ya mpaka, msichana aliyekomea alifanyiwa chisungu. Mwingereza Audrey Richards aliitazama mwaka 1931, akaichapisha katika kitabu mwaka 1956. Katika jamaa zingine ilikuwa kambo ao tantine anayemwita msichana pembeni na kumfunulia mambo. Baba na mama waliona haya, lakini haya yao haikumdhuru mtoto, kwa sababu kulikuwa mtu mwingine wa kusema.

Kisha Union Minière ikaja, na baada yake Gécamines. Walijenga makambi ya wafanyakazi, mahospitali, masomo, na foyer ambako akina mama walifundishwa kushona na kulea watoto. Miaka ya 1990 mambo yalianguka. Mwaka 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliacha kazi katika mpango ule wa kuondoka kwa hiari, na jamaa nyingi zikatafuta maisha ku kariyeri.

Leo mu lupangu moja ya Kasulo ao Kapata utakuta jamaa iliyotoka Kasai, nyingine Kamina, nyingine Dilolo. Kambo amebaki kijijini. Tantine yuko mbali. Baba anaweza kulala ku kariyeri siku tatu, mama anarudi sokoni jioni amechoka. Kazi ya kambo haina mwenyewe tena. Tukiiacha hivyo, simu na marafiki wataifanya, na wataifanya vibaya.

Mwili unabadilika namna gani

Kwa msichana, mabadiliko yanaanza kati ya miaka 8 na 13. Mara nyingi alama ya kwanza ni maziwa kuota, kwanza kama kifundo kidogo kinachouma, na upande mmoja unaweza kutangulia mwingine. Siyo ugonjwa. Kisha nywele zinaota kwapani na chini, anarefuka haraka, nyonga zinapanuka. Damu ya kwanza inafika kama miaka miwili nyuma ya maziwa kuanza. Hii ni habari kubwa kwa mzazi: ukiona kifua kimeanza kuota, ujue saa ya kusema imefika.

Kwa kijana mwanaume, yanaanza kati ya miaka 9 na 14. Makende njo yanatangulia kukua, kisha uume, nywele, na baadaye sauti kukatika na ndevu. Usiku anaweza kuota na mbegu ikatoka. Wengine kifua kinavimba kidogo kwa muda, kinarudi chenyewe. Wote, msichana na kijana, wanatoka vipele usoni, jasho linabadilika harufu, na roho yao inabadilika pia: leo anacheka, kesho anafunga mlango. Asihesabiwe kuwa na kiburi. Ubongo wake nao unakua.

Kila mtoto ana saa yake. Mmoja anaanza miaka 9, mwenzake wa kalasi moja miaka 13, na wote wawili wako wazima. Tusilinganishe, na tusicheke.

Maneno ya kusema

Wazazi wengi wanasema: tungependa kusema, lakini tunaanzia wapi? Maneno yasiwe mengi. Baba anaweza kusema hivi na binti yake, wakitembea ao wakipepeta maharagi:

"Mwanangu, mwili yako itaanza kubadirika. Siku moja utaona damu. Haiko bugonjwa, haiko laana. Njo mwili inakomea. Ukiiona, ambia mama, ao tantine, ao miye. Hakuna mutu atakukaripia."

Na kwa kijana:

"Sauti itabadirika, mandevu itaanza kutoka. Usiku unaweza kuota na kuamuka umelowana. Haiko zambi. Oga, fula kilamba, endelea na kazi yako. Lakini ujue: tangu ile siku unaweza kupa mutu mimba. Na mwili ya banamuke haiko kitu ya kucheka."

Basi. Dakika tano. Kesho kutwa mtoto mwenyewe ataleta ulizo la pili, kwa sababu amejua mlango uko wazi.

Damu ya kila mwezi: maji, sabuni, jua

Mwezi wa msichana ni damu inayotoka siku 2 mpaka 7. Kwa jumla ni kidogo kuliko anavyofikiri, mara nyingi vijiko vichache vya supu kwa siku zote. Miaka ya kwanza hesabu haitulii: kati ya mwezi mmoja na mwingine zinaweza kupita siku 21, zinaweza kupita 45. Aandike tarehe katika daftari, hapo atajifunza mwendo wa mwili wake.

Anaweza kutumia kotex, ao kilamba cha pamba kilichokunjwa. Kilamba si aibu, kikiwa safi. Kibadilishwe kila saa 4 mpaka 8, kifuliwe na maji safi na sabuni, kianikwe juani mpaka kikauke kabisa. Hapa petu wasichana wengi wanakianika chini ya godoro kwa haya, na pale hakikauki vizuri, kinamletea kujikuna na maambukizo. Basi mu lupangu tutafute kamba moja yenye jua, mbali na vumbi la barabara, na asiyehusika asiulize. Kuoga ni kila siku, nje tu kwa maji. Sabuni na dawa za majani zisiingizwe ndani.

Tumbo likiuma, chupa ya maji ya moto iliyofungwa katika kitenge inasaidia, na paracétamol ao ibuprofène baada ya kula, kwa kipimo alichotoa muuguzi. Na kwa sababu damu inatoka, chakula kiirudishe: sombe, lengalenga, maharagi, ndakala karibu na bukari.

Mu kariyeri fulani kunasemwa kwamba mwanamke aliye mwezini akikaribia shimo, mawe yanakimbia. Damu haina nguvu juu ya mawe. Neno hilo linafanya kazi moja tu: linamfundisha msichana kwamba mwili wake unaleta hasara. Akishaamini vile, hatamwambia mtu akiumwa.

Kuna jambo la feza pia. Masomo mengi hayana choo chenye mlango wala maji, na msichana anabaki nyumbani siku zake zote. Siku nne kila mwezi ni karibu siku arobaini kwa mwaka wa masomo. Anayekosa vile anaanguka mtihani, na anayeanguka mtihani anaitwa ku kuosha mawe. Ku Kenya serikali iliondoa kodi ya mauzo juu ya kotex mwaka 2004, na sheria ya mwaka 2017 ikasema wasichana wa masomo wapewe bure. Tangu 2014 dunia inaikumbuka kazi hii kila tarehe 28 Mei. Sisi tusingojee tarehe. Siku baba anapolipwa, sabuni na kotex ya binti iingie katika hesabu pamoja na unga na mafuta.

Mimba haingojei ndoa

Wengine wanaogopa: tukimwambia mtoto, tutamfungua macho. Macho yamekwisha kufunguka na simu. Ile anayokosa ni ukweli. Na ukweli ni huu: msichana anaweza kupata mimba hata kabla hajaona mwezi wake wa kwanza, kwa maana yai linatangulia damu. Anaweza kuipata siku ya kwanza ya kulala na mwanaume. Kuoga nyuma ya tendo hakuzuii. Kapoti inazuia mimba na magonjwa, ikitumiwa vizuri kila mara.

Uchunguzi wa afya uliofanywa katika inchi nzima mwaka 2013 na 2014 ulikuta kwamba, kwa wasichana 100 wa miaka 15 mpaka 19, 27 walikuwa wamekwisha kuzaa ao walikuwa na mimba. Mwili wa msichana mdogo haujamaliza kupanuka. Kuzaa kunaweza kumpasua na kumuachia fistula, mkojo unaotoka bila kukoma.

Sheria iko wazi. Tangu 2016 Kodi ya Familia inasema ndoa ni miaka 18 kwa wote wawili. Sheria ya tarehe 20 Julai 2006 inahesabu kulala na mtoto chini ya miaka 18 kuwa ni ubakaji, hata kama mtoto alisema ndiyo, hata kama mwanaume alileta simu na viatu. Adhabu ni kifungo, nacho kinaweza kufika miaka 20. Mbuzi na katoni ya bia kati ya jamaa mbili haviifuti sheria hii. Na kadi ya mchimbaji, kodi ya migodi inaitoa kwa mtu mkubwa tu: mtoto, msichana ao kijana, hana kazi ku kariyeri wala ku depo ya mawe.

Ikitokea mtoto amelazimishwa, asikaripiwe, asiulizwe alivaa nini. Apelekwe hospitali siku ile ile. Dawa ya kuzuia virusi vya SIDA inafaa ikianzwa ndani ya saa 72, na mapema njo bora. Dawa ya kuzuia mimba ina nafasi mpaka siku 5, nayo inapoteza nguvu kila saa inayopita. Kukaa nyumbani kupanga mazungumzo ya jamaa kunakula saa hizo.

Lini tukimbie kwa muganga

Msichana aende kituo cha afya kama kotex inajaa kila saa moja ao mbili, kama damu inapita siku 7, kama maumivu yanamlaza hata akinywa dawa, ao kama amefika miaka 15 bila kuona mwezi. Kijana aende kama amefika miaka 14 bila alama yoyote. Na kijana akipata maumivu makali ya ghafla katika kende, asingoje asubuhi: linaweza kuwa limejipinda, na likikaa zaidi ya saa sita hivi linaweza kufa. Vijana wengi wanaficha hilo kwa haya. Haya hiyo inaweza kumpotezea kende.

Na baba mwenyewe

Kuna jambo linalogusa uzazi wa baba pia. Watafiti waliochunguza watoto waliozaliwa Lubumbashi walichapisha mwaka 2020, katika jarida The Lancet Planetary Health, kwamba hatari ya mtoto kuzaliwa na kasoro ilikuwa kubwa zaidi kama baba anafanya kazi inayohusu migodi. Haina maana kila mtoto wa mchimbaji atazaliwa vile. Ina maana vumbi lisiletwe nyumbani. Nguo za kazi zivuliwe nje, zifuliwe peke yake. Baba aoge mbele ya kumbeba mtoto. Mfuko wa mawe usilale mu chumba wanamolala watoto.

Baba anayevua nguo zake mlangoni kwa ajili ya watoto amekwisha kuonyesha kwamba mwili wao una bei kwake. Imebaki kulisema kwa mdomo. Mwenye binti ao kijana wa miaka tisa, kumi, asingojee kumi na tano. Siku mbili za mapumziko zinatosha: moja aseme na binti, moja na kijana. Na yule ambaye kweli ulimi unamkataa, atafute yaya, tantine, mwalimu ao muuguzi anayemwamini, amwambie waziwazi: kazi hii nakupa wewe. Mbele damu ifike.