Namba Zifike Kama Zilivyorekodiwa

Cheza faili iliyonakiliwa kutoka CD kwenye kompyuta ya Windows, kisha tazama kioo kidogo cha kigeuzi cha nje kilichochomekwa kwa kebo ya USB. Mara nyingi utakuta kimeandika 48, yaani sampuli 48,000 kwa sekunde. CD hiyo ilirekodiwa kwa 44.1. Tofauti ni ndogo, lakini inafichua jambo kubwa: muziki unaofika kwenye kigeuzi si ule uliomo kwenye faili. Kuna mkono umepita katikati.

Kigeuzi, ambacho wauzaji hukiita DAC, kina kazi moja: kupokea namba na kuzigeuza kuwa umeme unaopanda na kushuka, ili ampilifaya iukuze na spika iutikise hewani. Kila laptop ina kigeuzi chake ndani, ila kimebanana na prosesa, feni na saketi za chaji, na kelele za umeme za majirani hao hukifikia. Kwenye hedifoni nzuri husikika kama mkwaruzo mwembamba unaobadilika kila unaposogeza kipanya. Hapo ndipo kigeuzi cha nje kinapostahili bei yake. Tatizo ni kwamba wengi huchomeka kifaa, wakasikia sauti imetoka, wakaridhika, ilhali kompyuta inaendelea kuzibadilisha namba kabla hazijaondoka.

Sauti ya dijitali ni mfululizo wa sampuli. CD, iliyoingia sokoni Japani mwaka 1982, hulipima wimbi la sauti mara 44,100 kwa sekunde, na kila sampuli huandikwa kwa biti 16, yaani huangukia kwenye kimojawapo cha viwango 65,536. Sikio la kijana hufika kama hezi 20,000. Nadharia iliyojengwa na Harry Nyquist na Claude Shannon inasema kwamba ili wimbi lirudi kamili, lipimwe zaidi ya mara mbili ya mtetemo wake wa juu kabisa. Kwa hiyo 44,100 inatosha, na bado inaacha nafasi kidogo kwa vichujio.

Lakini kwa nini isiwe 44,000 au 45,000? Jibu limo kwenye mikanda ya video. Mwishoni mwa miaka ya 1970 wahandisi walihitaji chombo cha kubeba namba nyingi kiasi hicho, na rekoda za video zilikuwapo tayari. Waliandika sampuli 3 kwenye kila mstari wa picha. Kwa mfumo wa Japani na Marekani ilikuwa mistari 245, mara nusu-picha 60 za kila sekunde, mara 3: 44,100. Kwa mfumo wa Ulaya, mistari 294 mara 50 mara 3: 44,100 ileile. Watu wa filamu na televisheni wakashika 48,000, ambayo hugawanyika bila baki kwa picha 24, 25 au 30 za sekunde moja.

Ndiyo maana leo tuna koo mbili za sauti, na kompyuta inalazimika kuzioanisha. Windows hukusanya sauti za programu zote, muziki, kivinjari na mlio wa ujumbe, ikazichanganya kwa kasi moja ya sampuli, ambayo kwa kawaida ni 48,000. Kutoka 44,100 kwenda huko, kila sampuli 147 lazima zizae 160. Katika kila fungu hilo ni moja tu inayoangukia mahali pa sampuli ya asili. 159 zilizobaki ni za kukokotoa. Hesabu ikifanywa vizuri, wachache watasikia tofauti. Hata hivyo naona hakuna sababu ya kukokotoa upya kitu kilichokuwa sahihi tangu mwanzo.

Fungua mipangilio ya sauti, chagua kigeuzi chako, kisha tafuta muundo wa sauti yake. Weka kasi inayolingana na muziki unaousikiliza zaidi: 44,100 kwa maktaba ya CD, 48,000 kwa filamu. Usivutwe na 192,000 kwa kuwa ni namba kubwa, maana haiongezi chochote kisichokuwamo kwenye rekodi. Zima viboreshaji vyote vya sauti. Kwenye Mac kazi hii hufanyika katika programu ya Audio MIDI Setup. Kwenye Linux, PipeWire, programu inayosimamia sauti, huanza na 48,000, na unaweza kuiruhusu itumie 44,100 pia.

Upande wa biti, chagua 24 hata kama muziki wako ni wa 16, kwa sababu ya kitelezi cha sauti. Kila unapoishusha sauti ndani ya kompyuta kwa desibeli 6, namba hupungua nusu na biti moja ya undani huondoka. Njia ya biti 24 inaipa rekodi ya biti 16 akiba ya biti 8, kwa hiyo unaweza kushusha karibu desibeli 48 bila kuikata. Kwenye njia ya biti 16 akiba hiyo haipo, na kinachotangulia kupotea ni vile vya chini kabisa: mlio wa mwisho wa ala ya kanuni kwenye taarab unapofifia, au pumzi ya mwimbaji. Bora zaidi, acha kitelezi asilimia 100 na upunguze kwenye ampilifaya. Ila punguza huko kwanza, kabla ya kucheza.

Anayetaka kumwondoa kabisa mchanganyaji atumie kichezeshi kinachomiliki kigeuzi peke yake, njia iliyoingia Windows na toleo la Vista mwaka 2007. Hapo kioo kitaanza kufuata kila faili, 44.1 kisha 96, bila wewe kugusa kitu. Programu nyingine zitakosa sauti kwenye kifaa hicho muziki ukiendelea, na mimi naona ni nafuu.

Kama bado unasikia mvumo mzito usiokoma, usiutafute kwenye mipangilio. Umeme wetu wa gridi ni wa hezi 50, na mvumo huo huingia pale laptop na ampilifaya zinapounganishwa na ardhi kwa njia mbili tofauti. Chomoa chaja. Mvumo ukikatika, chomeka vifaa vyote kwenye soketi moja ya ukutani. Ukikataa kuondoka, na kompyuta yako ina tundu la sauti ya mwanga, tumia kebo ya nyuzi: mwanga haubebi umeme.