Afrika Kusini: Tunguu moja la ua hukatwa vipande kumi na sita, na kila kipande kikazaa

Katika soko la dawa za asili la Warwick, mjini Durban, matunguu ya mimea ya porini hupangwa kwa mafungu mbele ya wauzaji. Tunguu ni lile shina nene la chini ya ardhi linalofanana na kitunguu, na mengine sokoni hapo ni makubwa kuliko ngumi ya mtu mzima. Yamechimbwa yakiwa mazima, pamoja na mizizi yake, milimani na mabondeni mwa jimbo la KwaZulu-Natal. Kila tunguu linalouzwa ni mmea mmoja uliokwisha.

Wakulima wa maua wa nchi hiyo hiyo wanayo njia nyingine ya kulitumia tunguu. Hulikata kwa kisu vipande vinane, kumi na sita au zaidi, kisha huvifunika vipande hivyo mahali penye giza hadi kila kimoja kitoe mmea wake. Kazi hiyo haihitaji maabara. Mwenye kisu kikali, kopo lenye mfuniko na subira ya miaka mitatu au minne anaweza kuifanya mezani jikoni. Swali linalowashughulisha wahifadhi wa mimea nchini Afrika Kusini ni kwa nini ufundi rahisi namna hii bado haujayaokoa matunguu ya porini.

Kilichomo ndani ya tunguu

Mtu akipasua kitunguu cha kupikia kwa urefu, kutoka kwenye ncha hadi kwenye mizizi, ataona jinsi matunguu ya maua yalivyoundwa. Chini kabisa kuna kitako kigumu na chembamba ambako mizizi huota. Kitako hicho ndicho shina lenyewe, ila limefupishwa mno. Juu yake yamesimama magamba manene yaliyokumbatiana, na kila gamba ni sehemu ya chini ya jani iliyojaa chakula cha akiba. Katikati limejificha chipukizi litakalotoa majani na ua.

Chipukizi hilo la katikati lina ubabe wake. Maadamu ni zima, homoni zake huyazuia machipukizi mengine kuamka, ndiyo maana tunguu kubwa la amarilisi huweza kukaa ndani ya chungu kwa miaka mingi likizaa mtoto mmoja au wawili tu pembeni. Kisu kikishapita katikati, zuio hilo huondoka. Pale gamba linapoungana na kitako, seli huanza kugawanyika upya, na baada ya majuma kadhaa hutokea kijitunguu kidogo kinachojilisha kwa akiba ya gamba lililokizaa.

Kwa amarilisi na jamaa zake, basi, kipande kisichobeba sehemu ya kitako ni kazi bure, kwani huoza. Mimea mingine ina taratibu zake. Mayungiyungi ya jenasi Lilium hayadai kitako: gamba moja likibanduliwa na kufukiwa kwenye mchanga wenye unyevu hutoa vijitunguu lenyewe. Nchini Uholanzi, wakulima wa haiasinti huenda mbali zaidi. Hukikwangua kitako chote kwa kijiko chenye makali, wakaligeuza tunguu juu chini, na vijitunguu vikajitokeza kwa wingi kwenye jeraha.

Amarilisi, na jina lisilo lake

Mmea unaofaa zaidi kujifunzia ni amarilisi, kwa kuwa tunguu lake ni kubwa na linapatikana katika bustani nyingi za Afrika Mashariki na Kusini. Hata hivyo jina lake lina mkanganyo. Ua hilo linalouzwa madukani asili yake ni Amerika Kusini, na wanasayansi huliita Hippeastrum. Amarilisi wa kweli, Amaryllis belladonna, ni mwenyeji wa Rasi ya Magharibi, Afrika Kusini. Ubishi juu ya nani mwenye jina uliendelea kwa miaka mingi, hadi mkutano wa kimataifa wa wanabotania uliofanyika Berlin mwaka 1987 ulipoamua kwamba jina ni la mmea wa Rasi. Wauzaji wa maua hawakujali uamuzi huo, na wanunuzi vilevile.

Afrika Kusini hulima Hippeastrum na kuyapeleka matunguu yake Ulaya na Amerika Kaskazini, ambako hupendwa kwa sababu matunguu yaliyokuzwa kusini mwa ikweta huwahi kuchanua kabla ya Krismasi. Mkulima wa kibiashara hawezi kutegemea mbegu, kwa kuwa mbegu ya aina iliyochanganywa humletea miche isiyofanana na mama yake: mwekundu mmoja, wa mistari mwingine, na mwingine usio na sura ya kuuzika. Kipande cha tunguu hutoa nakala halisi ya mmea uliokatwa, kwa rangi na kwa umbo.

Jinsi inavyofanyika nyumbani

Wakati mwafaka ni tunguu linapokuwa limelala, majani yakiwa yamekauka. Kusini mwa bara hiyo ni miezi ya baridi, Juni na Julai. Karibu na ikweta, ambako baridi ya kweli haiji, mwenye mmea huulaza mwenyewe kwa kuunyima maji majuma manane hadi kumi. Huchaguliwa tunguu gumu na zito lisilo na doa. Lenye majani yaliyokuwa na michirizi ya manjano liachwe kabisa, kwani huenda lina virusi, na virusi husambaa kwa utomvu ulioganda kwenye kisu. Kwa sababu hiyo hiyo kisu hufutwa kwa spiriti kabla ya kazi, na tena kila mara kinapotoka kwenye tunguu moja kwenda jingine.

Glavu zivaliwe. Utomvu wa matunguu haya huwasha ngozi, na tunguu lenyewe lina likorini, sumu inayoleta matapishi makali kwa binadamu na kwa mbwa. Katika nyumba yenye watoto, tunguu la ua lililowekwa jikoni karibu na vitunguu vya kupikia ni hatari isiyo ya lazima.

Maganda makavu ya nje huondolewa, mizizi hupunguzwa bila kukigusa kitako, na ncha ya juu hukatwa. Kisha tunguu hugeuzwa, kitako kikiwa juu, ili mkataji aone anachokigawa. Hukatwa nusu, nusu zikakatwa robo, na robo zikaendelea kugawanywa kama mtu anayekata keki ya duara. Anayeanza asizidishe vipande vinane. Tunguu lenye kipenyo cha sentimita nane au zaidi linaweza kutoa kumi na sita. Mafundi huendelea hata kukigawa kila kipande katika jozi za magamba mawili mawili yaliyoshikwa na kijisehemu cha kitako, na hivyo kupata mimea mingi zaidi. Lakini kadiri kipande kinavyokuwa kidogo ndivyo akiba yake inavyopungua, na ndivyo kinavyochelewa kutoa ua.

Vipande huchovywa kwenye dawa ya kuua kuvu kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kifungashio, kisha huachwa vikauke kwa saa kumi na mbili hivi. Baada ya hapo huchanganywa na kitu chepesi chenye unyevu. Vitabu vya Ulaya hutaja vermikulaiti, ila makumbi ya nazi yaliyosagwa au mchanga mkavu uliooshwa na kuchemshwa hufaa pia. Kipimo cha unyevu ni kiganja: ukibana konzi ya mchanganyiko huo, lisidondoke tone. Watu wengi hushindwa hapa, kwa kuwa huona huruma wakaongeza maji, na baada ya siku kumi wakafungua chombo chenye harufu ya uozo.

Vitabu hivyo hivyo hushauri mfuko wa plastiki. Katika nchi kama Rwanda, Kenya na Tanzania, ambako mifuko ya namna hiyo imepigwa marufuku, kopo au ndoo ndogo yenye mfuniko hufanya kazi hiyo hiyo, mradi ndani ibaki nafasi ya hewa. Chombo huwekwa gizani, mahali penye joto la nyuzi 20 hadi 25. Hufunguliwa kila juma, na kipande chochote kilicholainika au kuota ukungu hutolewa kabla hakijaviambukiza vingine.

Baada ya majuma kumi na mawili hivi, vijitunguu vya ukubwa wa punje ya mahindi huonekana katikati ya magamba, juu kidogo ya kitako. Kipande chote hupandwa pamoja na vijitunguu vyake, kikafunikwa kwa udongo mwepesi usiotuamisha maji. Gamba kuukuu litasinyaa lenyewe. Jani la kwanza huwa jembamba kama la kitunguu kichanga, na kwa misimu miwili ya mwanzo mmea huo haulazwi: humwagiliwa na kurutubishwa mfululizo ili tunguu linenepe. Ua hutarajiwa mwaka wa tatu au wa nne.

Kwa nini porini hali ni tofauti

Miaka hiyo mitatu au minne ndiyo kiini cha tatizo la Durban. Miongoni mwa mimea inayouzwa sana katika masoko ya Warwick na Faraday, la pili likiwa Johannesburg, ni Eucomis autumnalis, ambayo Wazulu huiita umathunga. Ua lake hubeba shungi la majani kichwani kama nanasi, na tunguu lake hutumika kwa homa, maumivu ya tumbo na maradhi mengine. Mwingine ni Merwilla plumbea, mwenye maua ya buluu. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2007 yalisema watu wapatao milioni 27 nchini Afrika Kusini hutumia dawa za asili, na kwamba biashara hiyo humeza tani zipatazo 20,000 za mimea kwa mwaka. Sehemu kubwa ya mimea hiyo hutoka porini.

Mchumaji wa majani huuacha mmea uchipue tena. Mchimbaji wa tunguu hauachi kitu, na akichimba kabla mbegu hazijakomaa, hata kizazi kijacho ameondoka nacho. Mtaalamu wa mimea Tony Cunningham, aliyeichunguza biashara hiyo na kutoa ripoti yake mwaka 1988, alieleza jinsi mimea inayopendwa ilivyokuwa ikipungua karibu na miji na wachimbaji wakilazimika kwenda mbali zaidi. Sheria za uhifadhi zipo, na kuchimba mimea iliyolindwa bila kibali ni kosa. Lakini wengi wa wanaochimba na kuuza ni wanawake wa vijijini wasio na kipato kingine, na kuwatisha kwa faini hakujawapa kazi mbadala.

Manispaa ya Durban ilichukua njia nyingine katika miaka ya 1980 ilipoanzisha kitalu cha mimea ya dawa huko Silverglen, ambako miche huoteshwa na waganga wa jadi hufundishwa kuilima. Umathunga hukubali kuzidishwa kwa njia kadhaa: kwa mbegu, kwa vipandikizi vya jani, na kwa vipande vya tunguu. Kwa hiyo ufundi si kikwazo. Kikwazo kimoja ni imani ya baadhi ya waganga na wagonjwa kwamba mmea uliolimwa hauna nguvu kama wa porini, ingawa wengine hawaoni tofauti yoyote. Kikwazo kizito zaidi ni hesabu. Mkulima hulipia ardhi, maji na miaka ya kusubiri, ilhali tunguu la porini humgharimu mchimbaji nauli na nguvu zake tu. Maadamu la porini lingalipo, la shambani haliwezi kushindana nalo kwa bei.

Ipo pia tahadhari ambayo wapenda bustani huisahau. Vipande kumi na sita vya tunguu moja ni mmea mmoja uliorudiwa mara kumi na sita, wenye nguvu zile zile na udhaifu ule ule. Ugonjwa unaouua mmoja unaweza kuwaua wote. Anayezalisha kwa ajili ya soko atafaidika na kisu. Anayetaka kuurudisha mmea mlimani ana haja ya mbegu kutoka kwa mama wengi.

Wasomaji wa ukanda huu wanao mmea wao wa namna hii: Scadoxus multiflorus, lile ua jekundu la mviringo kama mpira linalojitokeza mvua zinapoanza, na ambalo huota porini kuanzia Afrika Kusini hadi Ethiopia. Nalo ni la jamaa ya amarilisi, lina sumu, na hukatwa kwa utaratibu ule ule. Tunguu la kuanzia lising'olewe msituni. Katika bustani nyingi kuna vyungu vilivyojaa vya ua hilo au vya amarilisi, na mwenye chungu kama hicho hufurahi kupunguziwa tunguu moja wakati majani yamekauka.